Ngozi za mbuzi nimeweka shabu, zimekauka kama bati na tumboni manyoya yanatoka. Nimekosea wapi?

Mtandika_Viti

Wakuu, habari za leo. Naombeni msaada kwa wanaojua kusindika ngozi.

Nina ngozi 6 za mbuzi, nataka zibaki na manyoya yake kwa ajili ya kuvika viti. Kila moja ikiwa mbichi ina kama kilo 2. Hivi ndivyo nilivyofanya:

Zilichunwa asubuhi, zikapakwa chumvi jioni, nusu kilo kila ngozi. Zikakaa siku 5. Nikaloweka usiku kucha, nikakwangua minofu, kisha zote 6 kwenye ndoo moja yenye maji lita 20, shabu nusu kilo na chumvi kilo 1. Siku ya tatu nikazitoa, nikazisuuza vizuri mpaka maji yakawa meupe, nikazianika juu ya bati juani. Zilipokauka nikapaka mafuta ya alizeti.

Sasa ni ngumu, ukikunja inalia. Manyoya ya tumboni yanatoka ukivuta kidogo. Na moja iliyopata unyevu imeanza kunuka. Niongeze shabu au niachane nayo nihamie kromu (dawa nyingine ya kusindika ngozi)? Nawasilisha.

Fundi_Chokaa

Mkuu, matatizo yako ni mawili na usiyachanganye.

Manyoya kutoka hakuna uhusiano na shabu. Yaliharibika kabla hujaloweka. Bakteria hula shina la nywele ndani ya saa chache, na tumbo ndilo huanza kwa sababu ni jembamba na ndilo linalochafuka na mavi wakati wa kuchuna. Kutoka asubuhi hadi jioni ni kuchelewa, na nusu kilo ya chumvi kwa ngozi ya kilo 2 ni robo tu ya uzito wake. Weka asilimia 40 hadi 50, yaani gramu 800 hadi kilo 1, chumvi ya chenga za kati, upande wa nyama wote mpaka kwenye kingo na mikunjo ya miguu. Fanya hivyo ndani ya saa 3 baada ya kuchuna. Ngozi ilale kwenye mteremko maji yatiririke. Ikilala kwenye dimbwi la maji yake ni sawa na kuiozesha. Kesho yake kung'uta chumvi iliyolowa, paka mpya.

Hata kuloweka, usiku kucha kwenye maji ya vuguvugu ya Pwani ni mwingi kwa ngozi yenye manyoya. Saa 4 hadi 6 kwenye maji baridi yenye chumvi gramu 30 kwa lita zinatosha, ukibadilisha maji mara moja.

Na tafadhali, ngozi ya mnyama aliyekufa mwenyewe bila kuchinjwa usiiguse kabisa. Kimeta hukaa kwenye ngozi na manyoya, na chumvi haikiui.

Kipimo_pH

Naongezea upande wa shabu, maana hapo ndipo wengi wanakwama.

Shabu ni chumvi ya alumini. Ili ishike inatakiwa iingie mpaka katikati ya ngozi kwanza, ndipo ifungwe. Kuingia kunataka uchachu, pH karibu 3 (pH ni kipimo cha uchachu: namba ikiwa ndogo, uchachu ni mkali). Kufungwa kunataka uchachu upungue polepole mpaka 3.8 au 4. Wewe hukufanya lolote kati ya hayo, na shabu yenyewe ilikuwa nusu kilo kwa kilo 12 za ngozi, yaani asilimia 4. Inatakiwa 8 hadi 10. Halafu ile kidogo iliyoingia ukaisuuza. Alumini hushika kolajeni (protini inayounda nyuzi za ngozi) kwa udhaifu sana, ukiisuuza inatoka. Ndiyo maana iliyopata unyevu inanuka: imerudi kuwa ngozi mbichi.

Fanya hivi kwa ngozi moja ya kilo 2, uzito upimwe baada ya kuloweka na kukwangua:

Maji lita 5, chumvi gramu 300. Chumvi itangulie kabla ya asidi, kwa sababu asidi bila chumvi huvimbisha ngozi kama jeli na haitengenezeki tena. Kisha asidi ya betri, ile mpya ya chupa inayouzwa kwa mafundi wa magari, mililita 45 (iliyotoka kwenye betri kuukuu ina risasi, usiitumie). Ichanganye kwanza kwenye nusu lita ya maji, ASIDI IINGIE KWENYE MAJI, kamwe usimimine maji kwenye asidi. Vaa glavu na miwani. Mimina nusu, koroga, subiri saa moja, malizia nusu. Acha mpaka kesho ukigeuza mara kwa mara.

Kesho yake kata kipande kidogo shingoni, ambako ni pazito kuliko pote, bandika karatasi ya pH kwenye mkato. Ikisoma 3 au chini kidogo katikati, endelea. Ikiwa katikati bado 5, subiri au ongeza asidi mililita 5.

Shabu gramu 200 uiyeyushe kwenye lita 2 za maji ya moto, ipoe, uimimine kwenye maji yaleyale ya asidi. Siku 2, ukigeuza. Kila ngozi iwe na nafasi ya kuelea. Ngozi 6 kwenye ndoo moja, mikunjo haikuonja dawa.

Sasa kufunga: bikabonati (baking soda) gramu 25 kwenye nusu lita ya maji, igawe mafungu manne, nusu saa kati ya fungu na fungu. Pima kila mara, simama ikifika 3.8 hadi 4. Ukipita hapo utaona maji yanakuwa na wingu jeupe kama maziwa. Hiyo ni alumini inaganda nje ya ngozi, umeipoteza. Isiwe hamira ya unga ya keki (baking powder), ile ina wanga na asidi ndani yake. Na magadi ya mabonge yana ukali kupita bikabonati, yatafunga ngozi ya juu huku katikati kukiwa kubichi.

Ukitoa usisuuze. Ning'iniza itone maji usiku mzima.

Mama_Ngozi_Laini

Hakuna aliyegusa ugumu, nami naona ndilo swali lake la kwanza. Ugumu hauondolewi na shabu. Nyuzi za ngozi zikikauka zimegusana hugandana, basi. Kinachozuia ni mafuta yaliyoingia katikati ya nyuzi ikiwa bado mbichi, pamoja na kuivuta wakati inakauka. Kupaka mafuta ngozi iliyokwisha kukauka ni kupaka ukuta.

Mafuta peke yake hayaingii kwenye ngozi yenye maji, yanahitaji kitu cha kuyachanganya. Wengi hutumia sabuni. Kwa ngozi ya shabu sabuni haifai: ikikutana na asidi na alumini hukatika na kubaki utando wa nta juu. Tumia viini vya mayai. Viini 3, mafuta mililita 60, maji ya vuguvugu mililita 200 (yasizidi 40°C, ya moto sana yataivisha kiini), piga mpaka yawe kama uji mwepesi. Sugulia upande wa nyama, ikunje nyama kwa nyama, ilale usiku. Kwa mafuta chagua ya nyonyo yaliyotengenezwa kuchanganyika na maji ukiyapata, au mafuta ya kwato za ng'ombe. Alizeti si zuri, hukauka taratibu na kugeuka gundi ya njano.

Kisha itandaze kwenye fremu, KIVULINI penye upepo. Bati la mchana linapikwa. Ngozi mbichi husinyaa na kugeuka gundi kwenye joto la nyuzi 60 na kitu, na ikiwa na asidi hata chini ya hapo.

Siku ya pili au ya tatu, ikiwa bado ina ubaridi ukiiweka shavuni na ukivuta inaacha mstari mweupe, hapo ndipo pa kufanya kazi. Ivute upande wa nyama juu ya ukingo butu wa ubao, huku na huku, kila sehemu, mpaka yote iwe nyeupe. Nusu saa hadi saa nzima ya mikono. Ikikuponyoka ikakauka kabisa, ifukie kwenye maranda yenye unyevu usiku mmoja uanze tena.

Weti_Bluu

Kuhusu kuhamia kromu: kwa viatu na mikanda ndiyo, kwa manyoya meupe fikiria mara mbili, itaacha rangi ya samawati-kijani.

Mantiki ni ileile ya asidi kwanza, kufunga baadaye, ila kromu ikishashika haisuuziki. Poda ya kijani, salfeti ya kromu, asilimia 6 hadi 7, hivyo gramu 120 hadi 140 kwa ngozi yako. Bikabonati asilimia 1 kwa mafungu, saa 4 hadi 6, mpaka pH 3.8 hadi 4. Kata shingoni: ukiona mstari mweupe katikati ya bluu, asidi haikufika au uliwahi kufunga. Chemsha kipande dakika 2. Kisiposinyaa, imeiva.

Usinunue chembe za rangi ya chungwa hata muuzaji akisema ni kromu. Hiyo ni daikromati, kromu ya daraja la 6, inasababisha saratani. Vilevile mabaki ya ngozi ya kromu usiyachome, kwa sababu moto unaweza kuigeuza kromu ya kawaida kuwa hiyo ya 6. Umoja wa Ulaya tangu Mei 2015 hauruhusu ngozi inayogusa mwili iwe nayo kwa miligramu 3 kwa kilo au zaidi.

Na maji yake usimwage mtaroni. Karibu theluthi moja ya kromu uliyoweka hubaki kwenye maji. Tia maji ya chokaa mpaka pH 8.5, acha usiku, tope la kijani litatuama. Maji ya juu yatakuwa safi, ila tope halifai shambani wala shimoni jirani na kisima. Kama huna pa kulipeleka, baki na shabu.

Mtandika_Viti

Asanteni sana, wakuu. Nabaki na shabu. Hizi 6 zinaokolewa? Na kwenye kiti nitagongelea misumari ya kawaida?

Kipimo_pH

Pima kwanza. Kikombe cha maji yanayochemka na kikombe cha maji ya bomba ukichanganya unapata kama nyuzi 65. Kata kipande chembamba kwenye kila ngozi, loweka kilainike, kitumbukize. Kikijikunja na kusinyaa papo hapo, ni mbichi. Kikitulia, shabu ipo, inahitaji mafuta na kuvutwa tu.

Zilizo mbichi ziloweke usiku kwenye maji yenye chumvi gramu 50 kwa lita, siyo maji matupu, kisha anza kwenye asidi kama nilivyoandika. Mahali palipogeuka kama kioo, mwanga unapita, palipikwa na bati. Pakate. Na tumbo linalotoa manyoya pia kata, halirudi. Ile inayonuka itupe.

Fundi_Chokaa

Misumari ya chuma haifai. Ngozi ya shabu imejaa chumvi, inavuta unyevu na kutia kutu. Ndicho kilichomsukuma Augustus Schultz wa New York kutafuta njia ya kromu, akapata hataza mwaka 1884: ngozi ya shabu iliyofunika vyuma vya kolseti (vazi la kubana kiuno) za wanawake ilikuwa inaviozesha. Tumia misumari ya shaba nyeupe au njano. Kama kiti kitakaa barazani, upande wa nyama usugulie maji mazito ya poda ya miwati (mti ambao gome lake husindika ngozi) mara tatu kabla ya kupaka mafuta. Utageuka kahawia, lakini utastahimili unyevu zaidi. Hapo ndipo chuma hakitakiwi kabisa, kwa sababu miwati ikikutana na chuma huacha doa jeusi lisilotoka.