Seti mpya za treni ya umeme: Alstom, Hyundai Rotem au CRRC?

Mwana_wa_Zuzu:
Wakuu heshima kwenu, na wakubwa shikamooni. Jana nimerudi kutoka Dar na Mchongoko, ile treni ya umeme ya reli yetu mpya ya SGR, seti ya mabehewa yaliyoungana isiyovutwa na kichwa. Nimeshuka Dodoma jua halijazama, wakati zamani basi lilikuwa linanimalizia siku nzima na mgongo juu yake. Nikawa nawaza njiani: abiria wanazidi kuongezeka, ipo siku zitahitajika seti nyingine. Sijasikia zabuni yoyote, huu ni mjadala wetu tu. Ungekuwa wewe ndiye mwenye kalamu, ungesaini na nani: Alstom wa Ufaransa, Hyundai Rotem wa Korea Kusini ambao tayari tunao, au CRRC wa China? Leteni hoja, ushabiki wa nchi tuuweke pembeni.

Mkoka_Kongwa:
CRRC, bila kupepesa macho. Ndio wakubwa kuliko wote duniani, walizaliwa 2015 yalipounganishwa mashirika mawili ya China yaliyokuwa yakinyang'anyana wateja. Ukitengeneza treni nyingi kiasi kile bei lazima ishuke. Na si wageni kwetu, oda ya mabehewa 1,430 ya mizigo ya SGR walipewa wao. Reli ya Addis Ababa hadi Djibouti ni ya umeme kama yetu na inatumia treni za kutoka China. Nchi yetu haina hela ya kuchezea, tununue kwa bei nafuu tupate seti nyingi.

Dada_Makulu:
Mimi nasimama na Alstom, ila nieleze kwa nini. Watu wakisikia Alstom wanakumbuka ile rekodi ya 2007, kilomita 574.8 kwa saa. Hiyo haituhusu, reli yetu imejengwa kwa mwendo wa 160. Kinachotuhusu kiko Afrika Kusini. Pale Gauteng kuna Gautrain, inatembea tangu 2010: reli ya upana wa milimita 1,435 kama yetu, umeme wa kilovolti 25 kama wetu, mwendo wa juu 160 kama wetu. Treni zake zilitoka Bombardier, na kitengo cha treni cha Bombardier kilinunuliwa na Alstom mwaka 2021. Pia Alstom ana ubia unaoitwa Gibela, wenye kiwanda Dunnottar karibu na Johannesburg. Oda ni treni 600 za abiria wa mijini, 20 za kwanza zilitoka Brazili na zilizobaki 580 ni za kuundwa palepale na mikono ya Waafrika. Nani mwingine kati ya hao watatu ana kitu cha ukubwa huo kwenye bara letu?

Mkoka_Kongwa:
Dada hapo umenigusa. Ila za Gibela ni za reli nyembamba, milimita 1,067. Haziingii kwetu.

Dada_Makulu:
Kweli kaka, bogi, yaani fremu ya magurudumu chini ya behewa, ni tofauti. Lakini fundi aliyejifunza kuunganisha behewa na mota pale haanzi upya kwa sababu upana wa reli umebadilika.

Fundi_Bogi:
Marahaba vijana. Nimekaa karakana miaka kumi na tisa, reli ya zamani ya upana wa mita moja, kwa hiyo nitasema ninachokijua kwa mikono.

Treni hainunuliwi kama gari. Inakaa miaka thelathini na zaidi, na bei ya siku ya kusaini ni sehemu tu ya gharama. Niliwahi kuona kichwa cha treni kimelala miezi saba kwa kukosa kifaa ambacho kingeenea ndani ya ndoo. Aliyekitengeneza alikuwa ameacha kukitoa, na michoro hakutuachia. Kila asubuhi tulikuwa tunakipita kile kichwa, kizima kabisa, hakina kasoro nyingine. Iliniuma, na hadi leo inaniuma.

Sasa tazama tulichonacho. Mkataba wa 2021 na Hyundai Rotem ulikuwa wa vichwa 17 vya umeme na seti 10 za Mchongoko, jumla mabehewa 80. Ukileta mtengenezaji wa pili kwa njia ileile, unaongeza ghala la pili la vipuri, kompyuta ya pili ya kusomea hitilafu, na mafunzo mapya kwa madereva na mafundi. Dereva wa zamu ya alfajiri akiumwa, si kila mwenzake ataweza kukaa kwenye kiti chake. Kwa seti chache za nyongeza, mimi naenda Rotem tena.

Halafu kuna mazingira ya hapa kwetu. Dodoma ni vumbi. Mwezi wa nane na wa tisa upepo unabeba udongo mwekundu unaingia popote penye feni ya kupoza mota. Na kutoka Kilosa kuja huku treni inapanda zaidi ya mita 600. Yeyote atakayeuza aandike vichujio vinabadilishwa kila baada ya muda gani kwa vumbi la Dodoma. Vumbi la nchi yake halinisaidii.

Mama_Zabibu_Hombolo:
Mimi si fundi wanangu, mimi ni msafiri. Nina swali moja. Kwa nini tusiongeze tu mabehewa ya kuvutwa na kichwa, badala ya hizi seti zilizoungana? Naona yale yana nafasi ya ndoo na maboksi.

Fundi_Bogi:
Swali zuri sana mama. Seti ya Mchongoko mota zake zimegawanywa chini ya mabehewa, kwa hiyo inaondoka kituoni haraka na inashika mwendo mapema. Ikifika mwisho wa njia dereva anahamia upande wa pili, safari inarudi, hakuna kuzungusha kichwa. Ubaya wake, ikiharibika inatoka seti nzima. Kichwa kikiharibika unaleta kingine, na kesho kichwa hichohicho kinaweza kuvuta mizigo. Kwa safari za kusimama Gulwe, Kidete na Kilosa, seti inafaa zaidi. Nafasi ya maboksi ni suala la kuagiza mapema, ndani mtengenezaji anapanga viti mnavyotaka.

Mwana_wa_Zuzu:
Morocco je? Mwaka 2025 wamegawa oda kwa watatu: Alstom treni 18 za mwendo mkali, CAF wa Hispania hadi 40, Hyundai Rotem 110. Wao hawaogopi maghala matatu?

Fundi_Bogi:
Kila aina ina kazi yake pale. Za Alstom ni za njia ya mwendo mkali, ambako treni zake za kwanza zilianza 2018, nyingine ni za kati ya miji na za kuzunguka mijini. Na oda ya 110 inatosha kujengewa karakana yake. Sisi bado hatujafika huko.

Dada_Makulu:
Fundi umenisogeza. Ila niongeze jambo, maana linahusu hao Rotem wenyewe. Korea ilipoanza treni ya kasi ya KTX mwaka 2004, teknolojia ilikuwa ya Alstom. Treni 46: 12 ziliundwa Ufaransa, 34 zikaundwa Korea na Wakorea. Leo hao wanafunzi wanauza treni kwetu. Mimi natamani mkataba wetu ujao uwe na kipengele cha aina ile, kwa mtengenezaji yeyote. Hata kama ni kuunganisha bogi tu hapa Ihumwa.

Mkoka_Kongwa:
Hapo nakubali. CRRC wakikataa kipengele hicho, basi wasipewe, hata bei ikiwa nzuri.

Mwana_wa_Zuzu:
Fundi, ungeandika nini kwenye mkataba huo?

Fundi_Bogi:
Michoro yote ya vipuri vinavyochakaa: pedi za breki, magurudumu, mkono wa kuchukulia umeme juu ya behewa. Nywila za kompyuta za kusomea hitilafu zikabidhiwe kwetu. Vijana wakae kiwandani mwaka mzima wakishika spana, wiki mbili za kutembezwa hazifundishi kitu. Na vipuri vya miaka miwili viwe ghalani kabla seti ya kwanza haijabeba abiria. Mwanangu yuko VETA anasoma umeme, mwaka wa pili. Ningependa awemo kwenye hilo kundi.

Mama_Zabibu_Hombolo:
Na nafasi ya maboksi ya zabibu msiisahau.

Fundi_Bogi:
Imeandikwa mama, kipengele cha tano.