Nina dume la punda lenye umbo, nataka nimzungushe vijiji vya Chamwino apande majike. Wazoefu nishaurini

Mwenye Mkokoteni

Wakuu, habari za jioni.

Niko Handali, wilaya ya Chamwino. Nalima uwele na alizeti, na kiangazi kikishika nauza maji kwa mkokoteni. Nina punda watano. Wanne ni hawa wa kawaida tunaowajua. Wa tano ni dume niliyemnunua mnadani kwa mfugaji wa Kondoa akiwa mdogo, ana kidonda cha fisi kwenye paja, nikamchukua kwa huruma tu. Leo mgongo wake unanifika kifuani, wenzake wananifika kiunoni. Akiwa peke yake anavuta madumu kumi na mbili ya lita ishirini kutoka korongoni hadi senta, na pale kwenye mchanga hasimami. Wenzake ukiwapakia madumu manane wanagoma hapo hapo, nashuka nasukuma na mimi.

Watu wameanza kuleta majike yao. Wengine hata hodi hawapigi, wanakuja usiku. Asubuhi nakuta kamba imekatwa na dume anasinzia kama aliyekesha ngomani.

Sasa wazo lenyewe. Mtoto wa dada yangu alinionyesha kwenye simu farasi wa kazi wa Ulaya, Percheron wa Ufaransa na Shire wa Uingereza. Kwato kama sinia la ubwabwa, dume mmoja anakaribia tani nzima. Lakini kilichonishika si ukubwa, ni biashara yake. Kule Uingereza zamani kulikuwa na watu ambao kazi yao ni kutembea kwa miguu na dume la mbegu, msimu wote wa kupandisha. Njia ni ile ile kila wiki: Jumatatu kijiji hiki, Jumanne kile, jioni analala kwa mkulima au kwenye nyumba ya wageni. Mwenye jike anajua siku ya kumtoa. Alikuwa anagawa kadi iliyochapwa yenye jina la dume, baba yake, babu yake, ada, na siku atakayopita. Na sheria yao ya 1918 ilidai dume wa kuzungushwa awe na leseni, baada ya daktari wa mifugo kumpima kama hana kasoro ya kurithisha.

Nikajiuliza, mimi nashindwaje? Njia ninayo kichwani: Handali, Chinangali, Buigiri, nirudi kwa Mvumi Mission. Ila nina maswali. Kuna jamaa ananiambia niachane na punda, tuchangishane tulete farasi dume apande punda jike tupate nyumbu wa kazi. Je, ana hoja? Pili, majike ya huku ni madogo, dume langu kubwa hatawaua wakati wa kuzaa? Tatu, ada nitoze vipi bila kugombana na majirani?

Daktari wa Zizini

Mkuu, mimi ni afisa mifugo, kata siitaji. Nianze na farasi ili tumalizane naye.

Farasi huku ni kumuua. Kuna ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaenezwa na visubi, vile vidudu vidogo vinavyokuuma jioni karibu na maji. Farasi asiyechanjwa akiupata, mara nyingi anakufa ndani ya siku chache, povu linamtoka puani. Punda na pundamilia wanaubeba virusi vyake na wanaendelea kula majani kama hakuna kitu. Ongeza mbung'o kwenye mapori. Halafu chakula: mnyama wa kilo mia tisa anataka kilo kumi na nane hivi za majani makavu kila siku. Mwezi wa kumi Chamwino utazitoa wapi, wakati mabua ya mtama yenyewe mnanyang'anyana na ng'ombe? Farasi wa polisi wana kikosi kizima cha kuwatunza. Wewe una mkokoteni.

Na hao nyumbu wa jamaa yako, wale wa kazi siyo wale wa Serengeti, hawazai. Farasi ana kromosomu 64, punda 62, mtoto anabaki na 63, uzao umekwama hapo. Tena kwa kawaida watu hupandisha punda dume kwa farasi jike. Ukigeuza kama anavyotaka yeye, hata mimba inashika kwa shida.

Swali la pili ndilo zuri. Mwaka 1938 watafiti wawili wa Cambridge, Walton na Hammond, walitoa majibu ya jaribio lao: walichukua mbegu ya Shire, lile jitu lako la kwenye simu, wakapandikiza kwa jike la Shetland, farasi mdogo kabisa. Wakafanya na kinyume chake. Mtoto wa mama Shetland alizaliwa mdogo, saizi ya watoto wa Shetland. Wa mama Shire alizaliwa mkubwa. Yaani tumbo la mama ndilo linapima mtoto akiwa ndani. Ukubwa wa baba unajitokeza baadaye kwenye kukua, na hata hapo kuna kiasi chake. Kwa hiyo majike ya Handali usiyahofie sana, mradi limekomaa, miaka mitatu kwenda juu, na halikondi. Jike lenye mbavu nje usilipandishe, hata mwenyewe akikuletea na kuku.

Kabla hujatoka nje ya kijiji, dume apimwe malale ya kupandana. Hayo hayahitaji mbung'o, yanapita kwenye tendo lenyewe. Utaona uvimbe sehemu za siri, mabaka ya kuvimba kwenye ngozi, halafu miguu ya nyuma inalegea. Ukiyabeba Buigiri Jumanne, Alhamisi umeshayafikisha Mvumi. Hapo utakuwa unazungusha ugonjwa.

Mzee wa Kilimatinde

Mbukwenyi wote. Mjukuu wangu wa Handali, umenifurahisha.

Nimefuga punda tangu enzi za kubeba chumvi. Nikwambie kwa nini punda wetu wamekuwa kama mbuzi. Kijana akipata dume zuri, refu, lenye kifua, anafanya nini? Anamhasi. Anataka atulie kwenye mkokoteni, asiume watu, asikimbilie majike barabarani. Na ana haki, dume zima ni taabu. Lakini yule dume kibogoyo, kifua kama cha jogoo, hakuna anayehangaika naye. Anaachwa azurure, na ndiye anayepanda majike ya kijiji kizima. Miaka arobaini tunahasi wazuri na kuzalisha wabovu, halafu tunasema ukame.

Ikaja biashara ya ngozi za punda. Waliponunua punda kwa ajili ya ile dawa ya Wachina ya kuchemsha ngozi, hawakuchagua, waliondoka na majike yenye mimba. Umoja wa Afrika umekuja kuzuia Februari 2024, kwa miaka kumi na mitano, na mimi nikashukuru. Lakini punda siyo mbuzi. Mimba yake mwaka mzima, na wengine wanapitiliza, mtoto mmoja tu. Hesabu mwenyewe lini zizi litajaa.

Sasa sikia la kazi. Utajuaje jike liko tayari? Usingoje dume akuambie, maana yeye kila siku yuko tayari. Simama mbele ya jike wakati dume yuko upande wa pili wa boma. Likiwa kwenye joto litanyoosha shingo, masikio yanalala nyuma, na mdomo unatafuna hewa, taya zinafunguka na kufunga kama mtoto anayenyonya ndotoni, mate yanadondoka. Ukiona hivyo mlete. Joto linakaa siku tano hata tisa, kwa hiyo ukimpandisha leo mrudie keshokutwa. Asipoonyesha tena baada ya wiki tatu nne, andika kuwa ameshika mimba.

Na usimwachie huru. Mfunge jike kwenye mti, dume mshike kwa kamba ndefu, wewe usimame ubavuni, siyo nyuma. Meno ya mbele mawili niliyaacha nyuma.

Mama Zabibu

Hombolo hapa. Kaka, mimi nakupa la mkononi, siyo la vitabu.

Miaka ya nyuma kikundi chetu cha akina mama tulipewa dume la ng'ombe chotara, na taasisi moja nisiyoitaja. Walileta kwa lori, picha zikapigwa, tukaimba. Karatasi za ukoo wake zipo mpaka leo kwenye faili la mwenyekiti. Makubaliano: kila mama amlishe wiki moja. Wiki ya kwanza alikula pumba na mashudu ya alizeti. Ya nne alikula mabua. Ya saba nilimkuta mwenyewe kwenye kijiti cha mkwaju, kafungwa tangu jana yake, ulimi umekauka, na ilikuwa zamu ya mama ambaye alikuwa msibani Kongwa na hakumwambia mtu. Akafa kabla ya mvua. Ndama alituachia wawili, mmoja wa kwangu, namkamua hadi sasa.

Kwa hiyo ukisikia watu wanakushauri dume liwe la kikundi, kataa kwa upole. Liwe lako, wewe ulishe, wewe ulie.

Ada: usichukue yote siku ya kupandisha. Chukua kidogo cha jasho lako na chakula cha dume, iliyobaki ulipwe mtoto akisimama na kunyonya. Hapo mwenye jike atamtunza jike, na wewe utakuwa na sababu ya kurudi kumwona mtoto. Wanaokuja usiku usigombane nao. Watoze mchana mbele ya mjumbe.

Tairi Bovu

Mnasumbuka na madume, nunueni bodaboda ya magurudumu matatu jamani 😂

Mama Zabibu

Tairi Bovu, njoo uipitishe kwenye ule mchanga wa Handali mwezi wa pili, tutakutoa kwa punda.

Daktari wa Zizini

Naongeza moja kwa Mwenye Mkokoteni. Karatasi za ukoo haziko Ulaya tu. Hapo Mpwapwa kituo cha mifugo kilikaa miaka na madaftari, kikachanganya Sindhi mwekundu na Sahiwal wa Bara Hindi, Zebu wetu, Boran na Ayrshire, mpaka tukawa na ng'ombe anayeitwa Mpwapwa. Silaha yao kubwa ilikuwa kuandika. Nani kapanda nani, lini, mtoto kazaliwa na umbo gani. Wewe nunua kauntabuku. Ni muhimu zaidi ya unavyodhani, maana dume mmoja akipanda vijiji vinne miaka minne, mabinti zake watakuwa wamefika umri wa kupandwa, na baba yao ndiye atakayewapanda. Mwaka wa tatu uanze kutafuta dume wa kubadilishana naye, mbali huko, Singida au Kondoa.

Mwenye Mkokoteni

Nimesoma yote mara mbili, na mke wangu nimemsomea. Asanteni. Babu, shikamoo, meno pole.

Farasi nimemfuta. Jamaa nimemwambia kromosomu, akanyamaza.

Nimefanya hivi. Kauntabuku nimenunua, kurasa za kwanza nimeandika wale wa usiku niliowajua, saba. Jumatatu nampeleka dume kupimwa, nimeshaongea na afisa wetu. Akitoka salama nitaanza na Chinangali na Handali tu, njia ya Mvumi nitaongeza baada ya mavuno, kukiwa na malisho njiani. Ada elfu tano siku ya kwanza, elfu kumi na tano mtoto akisimama. Jirani mmoja ameomba alipe kwa debe la uwele, nimekubali. Na kuna kijana wa hapa alitaka kumhasi dume lake zuri mwezi huu. Nimemwomba asubiri, nimlishe mimi nusu, atakuja kuwa wa kubadilishana.

Kadi sina pa kuchapa, nimeandika kwa makapeni kwenye boksi la sabuni nikalitundika dukani: DUME LA MBEGU, HANDALI, JUMATANO ASUBUHI. Baba yake nimeacha wazi, maana mfugaji wa Kondoa sikumuuliza.

Mzee wa Kilimatinde

Rangi gani?

Mwenye Mkokoteni

Kijivu, babu. Msalaba mweusi mgongoni, na miguuni ana mistari kama pundamilia.

Mzee wa Kilimatinde

Basi Kondoa upande wa Kolo. Nilikuwa na jike lenye miguu hiyo, nililiuza huko. Mnadani ukimwona tena huyo mfugaji, muulize alilipata wapi, halafu uandike.