Naomba ushauri: koki ya kegi ya kuchemshia ndizi za mbege, nichomelee au nifunge kwa nati?

Habari zenu wakuu. Nipo Minnesota, Marekani, ambako sheria inaruhusu mtu mzima kutengeneza pombe ya kunywa nyumbani. Nimenunua kwa halali kegi kuukuu ya stenlesi (pipa la chuma la kuwekea bia), ya galoni 15.5 (kama lita 59), niigeuze iwe chungu cha kuchemshia ndizi za mbege (pombe ya ndizi na ulezi) kwa jiko la gesi. Sufuria zangu ni nyembamba, ndizi zinaungua chini kabla hazijawa nyekundu.

Presha nimeshaitoa, bomba la ndani nimelichomoa, na mfuniko nimeukata kwa grenda yenye disiki mpya ya stenlesi, isiyowahi kugusa chuma cha kawaida, maana hapo kutu ndipo inapoanzia. Kingo nimezipiga msasa. Kilichobaki ni tundu la koki, na hapo ndipo nimekwama.

Koki ya kufunga kwa nati na washa za silikoni niliijaribia kwenye sufuria ya zamani. Maji baridi ilishika vizuri, yalipochemka ikaanza kudondosha. Fundi mmoja wa hapa anataka kuichomelea, lakini nilipomuuliza kama ataweka gesi ya agoni (ya kuzuia hewa isiguse weldi) na upande wa ndani, alinishangaa tu. Bila hiyo weldi huota chengachenga kwa ndani, na hizo kuzisafisha ni kazi.

Waliowahi kufanya hivi: washa ikae ndani, nje, au pande zote mbili? Na kwa mchuzi mzito wa ndizi, koki ya nusu inchi haitaziba?