Safari ya bure ya meli kwa wahudumu wa dharura: bure yake ni ipi?

Mwalimu wa Langoni (Lamu):

Assalamu alaikum, ndugu zangu.

Nina mpwa wangu ambaye huu ni mwaka wake wa saba akiendesha boti ya kubebea wagonjwa kutoka Faza na Kizingitini hadi hospitalini hapa Lamu. Wanaoijua njia hiyo wanajua kwamba maji yakipwa mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki, kwa hivyo mara nyingine hulazimika kuzunguka kwa nje usiku wa manane, mama mjamzito amelala kwenye godoro na mkunga amemshika mkono. Wiki iliyopita binamu yake anayeishi Florida alimpelekea habari kwamba kuna kampuni ya meli za kitalii inayowapakia wahudumu wa dharura bila nauli, kama shukrani kwa kazi yao. Kijana amefurahi hata ameanza kuuliza bei ya masanduku.

Mimi ni mtu wa hesabu, na miaka thelathini ya ubao na chaki imenifundisha kulitazama neno "bure" mara mbili. Ningependa kujua kwa mwenye ujuzi iwapo jambo hili ni la kweli au ni la matapeli wale wa "lipa ada ndogo ya usajili", na kama ni la kweli, ni kipi hasa kinachotolewa bure, na kama mtu mwenye kitambulisho cha kazi cha kaunti yetu anaweza kukubaliwa.

Mtandika Meza (Malindi):

Waalaikumu salaam, mwalimu. Nilihudumu mezani katika meli za kitalii kwa miaka tisa kabla ya kurudi nyumbani, kwa hivyo nitajibu kwa kirefu, na unisamehe.

Jambo lenyewe ni la kweli. Kampuni iliyojulikana zaidi kwa zawadi ya namna hiyo ilikuwa ikiitwa Bahamas Paradise Cruise Line, nayo mwaka 2022 ikabadilisha jina na kuwa Margaritaville at Sea. Safari yake inayojulikana zaidi ni fupi: meli hutoka Palm Beach huko Florida jioni, hufika Freeport katika kisiwa cha Grand Bahama asubuhi, na baada ya usiku wa pili abiria wamerudi walikotoka. Waliotajwa katika zawadi hiyo ni wanajeshi, polisi, wazima moto na wahudumu wa ambulensi, na baadaye wakaongezwa walimu, kwa hivyo huenda mpwa wako angekuacha nyuma bila sababu. Meli yenyewe si mpya. Ilijengwa Italia mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ikaitwa Costa Classica.

Sasa kuhusu bure. Kinachosamehewa ni nauli ya chumba, na ndani ya nauli hiyo mna kitanda, burudani na chakula cha kawaida cha mezani. Kodi na ada za bandari hulipwa na msafiri mwenyewe. Bahashishi ya wahudumu hutozwa kwa kila mtu kwa kila siku, na huandikwa moja kwa moja katika hesabu ya chumba, iwe uliridhika na huduma au hukuridhika. Vinywaji, intaneti, matembezi ya nchi kavu na picha za kumbukumbu vina bei yake, na meza za kamari hufunguliwa pindi meli inapotoka katika maji ya nchi.

Kwa nini kampuni ifanye hivyo? Kwa sababu chumba kitupu hakipunguzi chochote: mafuta yatachomwa yale yale na mishahara italipwa ile ile. Mtu akilala humo bila nauli, bado atakunywa, atanunua na pengine atacheza kamari, na mara nyingi atakuja na mke au rafiki. Msimamizi wetu, katika kampuni ambayo sitaitaja, hakuwahi kutuuliza ni wageni wangapi waliolipa nauli, lakini kila asubuhi aliuliza baa imeingiza kiasi gani. Sisemi kwamba shukrani yao ni ya uongo. Nimewaona wazima moto wakipigiwa makofi katika chumba cha chakula hadi wakatoa machozi, na mpigaji makofi wa kwanza alikuwa nahodha. Nasema tu kwamba shukrani hiyo ina hesabu nyuma yake.

Karani wa Safari (Malindi):

Naongezea jambo moja ambalo mwenzangu amelipita. Meli hizo huenda Bahamas si kwa uzuri wa ufuo peke yake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 hairuhusu meli yenye bendera ya nchi nyingine kuwatembeza abiria katika bandari za Marekani peke yake bila kutia nanga katika nchi ya kigeni. Maana yake ni kwamba mpwa wa mwalimu atatoka Marekani na kuingia tena, na viza yake sharti iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Ada ya kuomba viza ya utalii ilipandishwa kuwa dola 185 mwaka 2023, na hairejeshwi ukinyimwa. Kisha hesabu ndege ya kutoka Manda hadi Nairobi, ya Nairobi hadi New York, na ya New York hadi Florida. Kwa mkazi wa Florida anayefika bandarini kwa gari lake, bure hiyo ina uzito. Kwa mtu wa Lamu, nauli iliyosamehewa ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Kuhusu kitambulisho, masharti ya zawadi hizi huandikwa kwa kuzingatia vyeti vya huko, kwa hivyo aiandikie kampuni na apate jibu la maandishi kabla ya kulipa senti yoyote.

Binti Mkomani (Lamu):

Mwalimu, mimi linanitatiza swali la nani anayehesabiwa. Huko mtu huonyesha kadi na mambo yakaisha. Hapa kwetu, chombo kinapopinduka, wa kwanza kufika ni wavuvi waliokuwa karibu, ambao hawana sare wala kadi, na wanatumia mafuta yao wenyewe. Vijana wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu nao wengi hawako katika orodha ya mishahara. Na yule mkunga anayeshika mkono ndani ya boti umemtaja mara moja tu, kisha tukaendelea kumzungumzia dereva!

Nahodha wa Boti ya Vioo (Malindi):

Ndugu zangu, nimesoma yote haya nikacheka kidogo, kwa kuwa hesabu aliyoieleza Mtandika Meza ndiyo hesabu yangu. Nina boti ya kuwatembeza wageni katika hifadhi ya bahari hapa Malindi, ile iliyotengwa mwaka 1968. Kusi likivuma boti hukaa juu mchangani, na hata demani ikiingia, ziko siku ninazotoka na watu wanne katika nafasi kumi na mbili. Nafasi nane hizo hazinigharimu kitu nikizitoa. Ninachoweza kutoa ni nafasi katika boti tu, kwa maana ada ya hifadhi si yangu, ni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na siwezi kumsamehe mtu fedha isiyo yangu. Tofauti ni kwamba mimi nitalisema hilo mwanzo.

Basi, mwalimu, mwambie mpwa wako aje na wenzake wa boti, na mkunga awe wa kwanza katika orodha. Twende Mayungu, kwenye mchanga unaojitokeza baharini, na kama kuna ada yoyote nitawaambia mapema.

Mwalimu wa Langoni (Lamu):

Nawashukuru nyote, hasa Binti Mkomani, ambaye amenikosoa kwa haki. Nimemsomea kijana majibu haya neno kwa neno. Habari za viza alizisikiliza kwa utulivu, lakini nilipofika kwenye bahashishi ya lazima akauliza kama mtu anayepewa zawadi huwa anailipia bahashishi yake mwenyewe, na sikuwa na jibu. Masanduku ameyaacha. Mkunga, kwa upande wake, anasema kwamba hajawahi kupanda boti bila kuwa na mgonjwa ndani yake, na anataka kujua kama anaruhusiwa kulala njiani.

Watakuwa watu sita, na watakuja kwa basi la Mokowe. Nahodha, tupe siku.

Nahodha wa Boti ya Vioo (Malindi):

Alale hata kwenda na kurudi. Mchanga wa Mayungu hujitokeza vizuri maji ya bamvua yanapokupwa, kwa hivyo tungoje mwezi mpevu wa Oktoba, siku moja au mbili baada yake. Chakula waje nacho. Chai ni yangu.