Tupeane uzoefu: ulikuwa wapi uliposikia mwanamuziki wako amefariki, na enzi hizo muziki mliupataje nyumbani?

Abiria wa Dirishani
Wakuu, habari za jioni.
Asubuhi nimepanda daladala, tulipofika Sinza konda akaanza kama kawaida yao, "Kwa Remmy wapo? Kwa Remmy!" Pembeni yangu wamekaa mabinti wawili wa sekondari. Mmoja akamuuliza mwenzake, hivi huyo Remmy ana duka gani? Mwenzake akasema nadhani ni gereji. Gari zima kimya. Nilitaka kusema, nikahofia kuonekana mzee, nikameza mate. Nimeshuka kituo cha mbele na imeniuma mpaka saa hizi.

Gereji! Remmy Ongala, Dokta mwenyewe, mtoto wa Kivu aliyekuja kupiga gita na bendi ya Makassy mwaka 1978, akaweka makazi hapa hapa na bendi yake ya Matimila mpaka kituo kikabeba jina lake. Alipofariki Desemba 2010 mimi nilikuwa nanyoa Manzese. Kinyozi kusikia vile akazima mashine, kichwa changu kiko nusu, akatoka kwenda kutafuta kaseti kwa jirani. Nilikaa pale na kipara cha upande mmoja karibu nusu saa na wala sikulalamika.

Sasa leteni zenu. Ulikuwa wapi? Na muziki wenyewe mliupataje, maana hela hatukuwa nazo ila kila nyumba ilikuwa na ufundi wake.

Mtoto wa Msamvu
Umenikumbusha mbali mkuu. Nyumbani kwetu Morogoro kaka alitengeneza gita la galoni. Galoni la mafuta ya kula la lita tano, kalitoboa tundu kwa kisu cha moto, shingo ni ubao wa kitanda cha bibi (bibi alilalia kamba miezi miwili), nyuzi ni nyaya za breki za baiskeli. Ule waya wa breki ukiunyambua unapata nyuzi nyembamba nyingi, unachagua. Breki ni za baiskeli ya baba, na baba hakuambiwa. Asubuhi akateremka nayo Kigurunyembe kwenda kazini. Sitaki kusema aliishia wapi.

Kwa upande wa misiba, Mangwea, yaani Ngwair wa bongo fleva, Mei 2013. Taarifa zilitoka Johannesburg tukadhani ni uzushi wa mitandaoni. Siku ya kuzikwa kule Kihonda kaka alitembea kwa miguu kutoka Msamvu, na huyo ni mtu aliyekuwa akituambia bongo fleva si muziki.

Bwana Shamba
Nakazia.

Kijana wa Mwananyamala
Moro mna bahati, Mbaraka Mwinshehe na Ngwair mji mmoja. Si Mbaraka naye alifia hapo hapo Dar kwa ajali?

Mswahili wa Kisauni
La, ndugu yangu. Ile ajali ilikuwa huku kwetu Mombasa, Januari 1979. Marehemu babangu alikuwa na kibanda cha chai, alitwambia siku ile hakuuza hata kikombe, watu wamesimama tu wanaulizana. Mtu mwenyewe hajafika miaka thelathini na mitano. Na usiniwekee Mbaraka na huyo kijana mwingine kwenye mizani moja, tafadhali.

Mtoto wa Msamvu
Mzee wangu wa Kisauni, hakuna aliyepima. Nimesema misiba tu.

Mswahili wa Kisauni
Aliyepima ni huyo wa Mwananyamala.

Kijana wa Mwananyamala
Kwani Ngwair ana kasoro gani? Nyie wazee mnadhani muziki ulikufa na Volcano, bendi ya Mbaraka.

Dereva Mstaafu
Tulieni. Mwenye uzi kauliza na ufundi wa nyumbani. Kwetu Kondoa redio ilikuwa ya mbao, mawe (betri) yakiisha nguvu tunayaanika juani juu ya bati, jioni yanakupa taarifa ya habari na nyimbo mbili. Ukitaka sauti kubwa unaitumbukiza redio kwenye mtungi mtupu. Mtungi unaongeza besi wallahi, kuliko hizi spika zenu za kichina.
Na darasani kabla mwalimu hajaingia tulikuwa tunapiga dawati ule mlio wa ngoma wa taarifa ya habari ya RTD, Redio Tanzania ya enzi hizo. Ngoma za Mzee Morris Nyunyusa. Yule mzee alikuwa haoni, anapiga ngoma lukuki peke yake. Darasa la watu arobaini halikuwahi kumfikia.

Kaseti Tisini
Sikutaka kuandika humu. Nimesoma hilo la gita la galoni nikaiweka simu mezani, nimerudi tena.

Tanga, 1995, niko darasa la sita. Mama alishatutoka mwaka 1993. Baba alikuwa mtu wa reli, si muongeaji, na alikuwa na kaseti moja ambayo hatukuruhusiwa kuigusa. Ya dakika 90, kaiandika kwa peni nyekundu MARIJANI. Aliirekodi mwenyewe kutoka RTD. Kila Jumamosi jioni anaoga, anatoa kiti barazani, anaweka upande B, anasikiliza mpaka mwisho, anazima. Mimi nilijua anampenda Marijani basi. Nani hakumpenda Jabali la Muziki?

Machi ile shuleni kulikuwa na jamaa ana kaseti ya Pepe Kalle, anaazimisha siku moja moja kwa zamu. Kaseti tupu sina na hela sina. Nikachukua ya baba. Vile vidude viwili vya juu alishavivunja ili isifutike. Nikatafuna karatasi ya daftari mpaka ikawa kama ugali, nikaziba matundu, nikarekodi upande B wote. Nilipomaliza nikaizungusha kwa peni mpaka mwanzo, nikachokoa ile karatasi kwa mwiba, nikairudisha kwenye kasha lake vile vile ilivyolala. Nikajipanga kwamba Jumamosi nitasema redio imeleta matatizo.

Haikufika Jumamosi. Redio ikatangaza Marijani Rajabu amefariki. Baba akarudi mapema na nguo za kazi, hakuoga, akatoa kiti. Mimi niko nyuma ya mlango. Akabonyeza, akaingia Pepe Kalle.

Hakunipiga wala hakuita mtu. Alikaa mikono juu ya magoti akasikiliza Pepe Kalle dakika zote arobaini na tano, mpaka kitufe kikaruka chenyewe, tak! Dada ndiye aliyenivuta jikoni. Akaniambia siku ile baba anarekodi aliamuru nyumba nzima kimya. Mama alikuwa uani, hakusikia hiyo amri. Akaingia katikati ya wimbo wa mwisho akauliza, "Baba Zubeda, unga wa kesho upo?" Baba akamwashiria kwa mkono, akatoka.

Picha za mama tunazo tatu. Sauti ilikuwa hiyo ya unga.

Bwana Shamba
Daah.

Mama Tunu wa Ng'ambo
Subhanallah. Nalia niko kwenye foleni benki, watu wananitazama.

Kijana wa Mwananyamala
Samahani ila hii ni chai. Redio kaseti inarekodi kwa ndani, sauti ya mtu wa nje haiingii. Watu wazima mnaliwa akili.

Fundi Redio
Wewe umezaliwa lini? Redio kaseti ya pamoja ndiyo inarekodi kwa ndani, na hiyo haikuwa ya kila nyumba. Mwenye redio ya mbao na rekoda, kila kimoja peke yake, anafanyaje? Anaziweka mezani zitazamane, rekoda inanasa kwa kipaza sauti chake kidogo pale mbele. Inanasa kila kitu, jogoo, mtoto, pikipiki. Nimehamisha kaseti za watu kwenda kwenye flashi miaka kumi na mbili sasa, nyingi zina jogoo.

Kijana wa Mwananyamala
Sawa fundi, tujaalie. Ila kutafuna karatasi?

Dereva Mstaafu
Tulitumia hata nta ya mshumaa. Dogo kalale.

Kaseti Tisini
Huyo kijana mwacheni. Zilikuwa mbili, zimetazamana mezani kama alivyosema fundi.

Mkongo wa Goma
Pole sana ndugu. Kwetu ilikuwa Papa Wemba, Aprili 2016. Alianguka jukwaani kule Abidjan, nyuma yake wachezaji bado wanacheza. Tuliangalia kwenye simu tukasema ni mbwembwe zake, sasa hivi atainuka. Nilikuwa nimevaa shati la kukopa, siku hiyo nilikuwa na harusi. Nikaenda nalo kwenye matanga.

Mpemba Halisi
Kaseti Tisini usikate tamaa, ipeleke studio, siku hizi kuna programu zinatoa sauti chini ya sauti.

Mzee wa Deki
Hakuna kitu hicho. Kichwa cha kufuta kinatangulia kabla ya kichwa cha kurekodi. Ikishapita imepita. Msimpe mwenzenu matumaini hewa.

Fundi Redio
Inategemea. Rekoda za wakati ule zikichakaa kile kichwa cha kufuta hakifuti vizuri, wimbo wa zamani unabaki kwa mbali nyuma ya mpya kama kivuli. Nimeshakutana nazo. Usiicheze ovyo tu, kila ukiicheza unaila.

Bwana Shamba
Iweke kwenye friji usiku mmoja kwanza.

Mzee wa Deki
Friji ya nini?

Bwana Shamba
Mjomba alifanya ikakubali.

Dereva Mstaafu
Mjomba wako aliweka maziwa. Kaseti yenye unyevu inawekwa kivulini kwenye mchele siku tatu.

Mpemba Halisi
Mchele ni wa simu.

Mama Tunu wa Ng'ambo
Mie mambo ya kaseti siyajui, ila na mie nichangie kabla uzi haujageuka wa mafundi tupu. Bi Kidude alipofariki Aprili 2013 nilikuwa bombani nangojea maji hapa mtaani. Pale bombani ndipo tulipokuwa tukipiga ngoma toka udogo, dumu ukiligeuza lina sauti mbili, chini nzito na ubavuni kali, na ndoo ya bati ndiyo inayopokea. Siku ile bibi mmoja mtu mzima, kungwi, akaja na habari. Hakulia. Akakaa juu ya dumu lake akaanza kulipiga kwa viganja, taratibu, ile ya mambo yetu ya unyago. Sitoeleza zaidi, kuna wanaume humu. Maji yalikuja yakafurika, hakuna aliyekwenda kufunga bomba.
Watu wanamjua kwa sigara na tunzo ya WOMEX ya 2005. Sisi tunamjua aliwafunza mama zetu.

Mswahili wa Kisauni
Ahsante mamangu. Huo ndio mchango.

Kijana wa Mwananyamala
Swali langu, hawa wote walipigwa redioni miaka na miaka, mbona wengi wamekufa hawana kitu?

Mwanasheria wa Kona
Sheria ya hakimiliki iliyoanzisha COSOTA, chombo cha kusimamia haki za wasanii, ni ya 1999. Marijani kafariki 1995. Jibu unalo nusu. Nusu nyingine ni sisi tuliorekodi kwa redio mbili mezani.

Dereva Mstaafu
Unamsema Kaseti Tisini?

Mwanasheria wa Kona
Namsema kila mtu humu, na mimi nilikuwa na kaseti kumi na nane.

Fundi Redio
Mwanasheria acha hizo. Angenunua halali, mama yake angeingiaje humo ndani?

Kaseti Tisini
Wakuu nashukuru wote, hata wa friji. Baba yupo, anaendelea vizuri, miguu tu ndiyo inasumbua. Hatujawahi kuliongelea hilo jambo tangu siku ile. Pepe Kalle naye alifariki 1998, baba alisikia akasema innalillahi akaendelea kula. Ila harusini ikipigwa yake, ananyanyuka kama anaenda msalani, anarudi ikishaisha.
Kaseti ninayo. Mwaka jana niliazima deki nikaisikiliza peke yangu. Pale karibu na mwisho, chini ya magita, kuna kitu kama mtu anaburuta kandambili. Inaweza kuwa masikio yangu tu.

Fundi Redio
Usiicheze tena. Nicheki inbox, nipo Kariakoo. Sikutozi.

Mzee wa Deki
Fundi, kabla hujaigusa safisha vichwa kwa spiriti, na unyooshe kile cha kuchezea. Kama rekoda yake ilikuwa imekaa upande, hicho kivuli kitakuwa pembeni mwa utepe.

Fundi Redio
Sasa unakubali kipo?

Mzee wa Deki
Nimesema kama.

Abiria wa Dirishani
Nilianzisha uzi wa Remmy, sijui nimefikaje huku. Kesho napanda daladala ile ile, saa ile ile.

Dereva Mstaafu
Ukiwaona wale mabinti sema mapema kabla hawajashuka. Na wewe Mtoto wa Msamvu hujatuambia, kaka yako alichukua waya wa breki ya mbele au ya nyuma?

Mtoto wa Msamvu
Zote mbili mzee. Gita lilikuwa la nyuzi sita. Baba aliishia kwenye bwawa la samaki la watu.