PhD ninayo, mtihani nimefaulu, bodi ya jimbo imeniacha kuwa mkalimani

Wakuu, leo naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Niko Marekani mwaka wa kumi na moja. PhD ya saikolojia ya tiba nimeisomea hapahapa, si ya kuokota mtandaoni. Mtihani wa EPPP, ule wa kuombea leseni ya mwanasaikolojia, maswali 225 kwa saa nne na robo, nimefaulu mara ya kwanza, dola 600 zikatoka kwenye akiba yangu, na ada ya kituo juu yake. Kabla sijaomba leseni mume wangu akapata kazi jimbo jingine, tukahama. Ndipo nikajua kumbe hii ni nchi hamsini.

Leseni ya mwanasaikolojia hutolewa na jimbo, na kila jimbo lina bodi yake na masharti yake. California wanataka saa 3,000 za kazi chini ya msimamizi, angalau 1,500 ziwe za baada ya kuhitimu, halafu wana mtihani wao wa sheria na maadili. New York ni 3,500. Hapa nilipo silitaji jimbo, faili langu bado liko mezani kwao. Idadi ya saa zangu inatosha, wanakubali wenyewe. Kinachogomba ni fomu! Msimamizi wangu wa zamani aziandike saa hizo upya kwenye karatasi yao, aitume kwa mkono wake. Mzee kastaafu, barua pepe ya kazini imefungwa, simu hapokei. Rekodi za saa zile, zenye sahihi yake kila wiki, ninazo zote. Hawazitaki. Nimewaandikia mara sita, wamejibu mara mbili, na mara zote mbili jibu ni nifuate maelekezo yaliyo kwenye tovuti.

Kwa hiyo nianze kufanya saa upya? Nani atanilipa? APA wenyewe, chama kikubwa cha wanasaikolojia wa Marekani, walishasema tangu 2006 kwamba miaka miwili ya mafunzo chini ya usimamizi inatosha hata kama yote imefanyika kabla ya kuhitimu. Majimbo mengine yakasikia, mengine yakaziba masikio.

Mtasema kuna PSYPACT. Ule mkataba wa majimbo, wa kuhudumia wagonjwa wa jimbo jingine, unamsaidia mwenye leseni tayari. Mimi sina hata moja ya kuvukia nayo.

Sasa sikieni kinachonikera kuliko yote. Ninakula kwa ukalimani. Kliniki ninayofanyia inapokea wakimbizi wa Kongo, wengine wamekaa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka mingi, Kiswahili ndicho wanachokimudu. Mwenye leseni kiti kile, mgonjwa kiti hiki, mimi katikati, marufuku kuongeza langu. Ya mgonjwa siyasemi, nasema neno tu, maana nalisikia kila wiki: "Nina mawazo." Mswahili gani asiyejua kwamba hapo mtu hakwambii anafikiri? Anakwambia amelemewa, halali, chakula hakipiti. Nikilipeleka neno kwa neno, daktari anauliza kama mawazo yanakuja kwa kasi, anaandika jambo jingine kabisa. Siku moja niliomba nafasi nifafanue. Nikakumbushwa, kwa upole sana, kwamba kazi yangu ni kutafsiri.

Na asije mtu kusema nataka leseni zifutwe. Nimetoka nyumbani ambako yeyote mwenye kipaza sauti anajiita mshauri wa ndoa, najua madhara yake. Nipimwe, niulizwe, nisimamiwe hata mwaka mzima mwingine. Ila kunizuia kwa sababu mzee wa watu kastaafu na kwenda kuvua samaki, hapana.

Kama kuna aliyewahi kupitishwa na bodi kwa hati ya kiapo badala ya fomu ya msimamizi, aje PM, nitalipia hata mwanasheria. Wa "rudi Bongo" nimeshawasikia, piteni. Jumatano saa tatu asubuhi nina zamu, ya ukalimani.