Tupeane uzoefu: rekodi yako ya Bima ya Taifa Uingereza na makadirio ya pensheni

Mleta uzi, Reading
Wadau mlioko Uingereza, na mliokwisha kurudi nyumbani, habari zenu. Kwenye misiba na harusi zetu huku nasikia sana maneno haya: "Nimeangalia makadirio ya pensheni mtandaoni, serikali itanilipa paundi 230.25 kwa wiki." Ni kweli hicho ndicho kiwango kamili cha mwaka wa kodi 2025/26, lakini jamani, someni ule ukurasa mpaka chini. Tarakimu ile kubwa inachukulia kwamba utaendelea kuchangia Bima ya Taifa (National Insurance, makato yanayokujengea pensheni ya serikali) mpaka ufikie umri wa pensheni. Chini yake ipo nyingine, ya kile ulichokwisha kujiwekea mpaka sasa. Anayetaka kurudi Tanga akiwa na miaka 55 apige hesabu zake kwa hiyo ya chini.

Kwa aliyeanza kuchangia baada ya Aprili 2016 hesabu ni nyepesi: miaka 35 unapata kamili, kila mwaka una thamani ya kama paundi 6.58 kwa wiki kwa kiwango hicho cha 2025/26, na usipofikisha miaka 10 hupati kitu. Haya, kila mtu alete yaliyomkuta.

Mdau, Leicester
Asante dada kwa uzi. Mimi 2024/25 nilikuwa na vibarua viwili. Alfajiri usafi wa ofisi, paundi 110 kwa wiki. Jioni jikoni kwenye shule, paundi 115. Jumla 225, nikijua niko salama. Rekodi ikaja imeandikwa kwamba mwaka haujakamilika. Mwaka ule ilitakiwa upate angalau paundi 123 kwa wiki kwa mwajiri mmoja, na mishahara ya waajiri wawili tofauti haijumlishwi. Ningefanya kazi moja tu ya paundi 125 mwaka ungehesabika, tena bila kukatwa hata senti! Hili linawaumiza sana akina mama wetu wa usafi na hakuna anayewaambia. Mwenye Universal Credit (posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo) ana nafuu, kwani mwaka wake unajazwa wenyewe.

Muuguzi, Birmingham
Wauguzi wenzangu wa zamani msishtuke. Unaweza kukuta miaka 36 kwenye rekodi na bado makadirio hayafiki kiwango kamili. Kabla ya Aprili 2016 tuliokuwa kwenye pensheni ya NHS (huduma ya afya ya taifa) tulikuwa tunakatwa mchango mdogo wa Bima ya Taifa, kwa hiyo upande wa serikali ulipunguzwa, na sehemu hiyo tunalipwa kupitia pensheni ya kazini. Kila mwaka uliochangia baada ya hapo unakupandisha mpaka ufike kamili.

Baba wa watoto wawili, Coventry
Posho ya mtoto (Child Benefit)! Aliyejaza fomu ni mimi ninayefanya kazi, na mama watoto ndiye aliyebaki nyumbani kulea. Zile krediti za Bima ya Taifa (unahesabiwa kama umechangia bila kulipa) za mtoto wa chini ya miaka 12 zikawa zinaingia kwangu, ambako hazina kazi, na rekodi yake ikabaki na mashimo. Ipo fomu ya kuzihamishia kwa mwenzako, CF411A, ila ina muda wake, msikae nayo. Na mwenye kipato kikubwa aombe posho hiyo hivyo hivyo, aseme tu hataki kulipwa fedha. Krediti hizo zitaingia. Hata bibi ambaye hajafika umri wa pensheni, akilea mjukuu wakati mzazi yuko kazini, anaweza kupewa krediti ya mzazi huyo.

Mstaafu, Mombasa
Wanangu, mimi nizungumzie la kurudi. Pensheni ya Uingereza ukiipokea Kenya au Tanzania haipandi. Aliyestaafu mwaka 2016/17 kwa kiwango kamili cha paundi 155.65 akaja kukaa huku, ni hizo hizo 155.65 mpaka leo, wakati mwenzake aliyebaki London mwaka 2025/26 alichukua 230.25. Makadirio hayakuoneshi jambo hilo. Mkate huku unapanda bei kama kwingine, na tulichangia sawasawa na waliobaki. Sioni haki hapo.

Mdau, Leicester
Shikamoo mzee, pole sana. Dada, sasa ule mwaka wangu niulipie?

Mleta uzi, Reading
Kwa viwango vya 2025/26, mchango wa hiari ulikuwa paundi 17.75 kwa wiki, yaani kama 923 kwa mwaka mzima. Unakuongezea kama paundi 342 kila mwaka wa pensheni, kwa hiyo fedha yako inarudi kabla mwaka wa tatu wa pensheni haujaisha. Kwa kawaida unaruhusiwa kurudi nyuma miaka 6. Lakini usitume hata paundi moja kabla hujawapigia Future Pension Centre (ofisi ya serikali inayojibu maswali ya pensheni kwa ambao hawajastaafu) wakakuambia mwaka huo utakuongezea kiasi gani, maana wapo ambao kujaza mwaka fulani hakuwaongezei chochote. Ukishaongea nao rudi hapa utuambie walichokujibu.